Picha ya mtiririko wa damu ubongoni: haitoshi peke yake kumhukumu mzee

Dhana: Picha ikionyesha damu haifiki vizuri ubongoni, basi mzee ana dimensia (ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili).

Ukweli: Sonona nayo hupunguza damu sehemu ya mbele ya ubongo, na kiharusi cha zamani huacha pengo. Kipimo cha SPECT, yaani picha inayopigwa baada ya kuchomwa sindano ya dawa yenye mionzi, huonyesha tu ni wapi damu imepungua. Ikipungua juu ya masikio na nyuma ya utosi, daktari hufikiria Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia. Kwenye paji, dimensia ya sehemu ya mbele. Kisogoni, ile ya miili ya Lewy (vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo). Madoa yaliyotawanyika huelekeza kwenye dimensia ya mishipa ya damu.

Dhana: Mashine haikosei.

Ukweli: Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2004 ulikuta SPECT inawatambua asilimia 74 ya wenye Alzheimer, na vigezo vya daktari asilimia 81. Yaani katika wagonjwa 100 wa Alzheimer, picha huwakosa 26. Nguvu yake iko kwenye kutenganisha aina: wenye dimensia nyingine iliwatenga kwa asilimia 91, vigezo vya daktari kwa 70. Kwa hiyo ifanywe pale daktari ameshamchunguza mzee na bado anasita kati ya aina mbili.

Dhana: Ukishalala kwenye mashine, mengine ni kazi ya kompyuta.

Ukweli: Mengi huharibika kabla ya hapo. Kanula (mrija mdogo wa mshipani) huwekwa dakika 10 au zaidi kabla ya dawa ya mionzi, ili maumivu ya sindano yatulie. Mzee akae kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu, na asiongeleshwe. Dawa hiyo, yenye teknetiamu (madini ya mionzi), hunasa ubongoni ndani ya dakika chache tu, hivyo binti anayemuuliza “Mzee, unasikia baridi?” wakati huo anaibadilisha picha. Dawa ya usingizi, ikihitajika, itolewe baada ya hapo. HMPAO, mojawapo ya dawa hizo za teknetiamu, ikiwa haina kiongezi cha kuifanya idumu, itumike ndani ya dakika 30 tangu kuchanganywa. Ikichelewa huvunjika na ubongo hauipokei vizuri. Kichwa kikiinama upande mmoja, picha huweza kuonyesha upande mmoja kama mgonjwa kumbe sivyo.

Dhana: Bila SPECT hatuwezi kujua chochote huku.

Ukweli: Kabla ya kuuza ng'ombe Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ili kumsafirisha mzee hadi Kampala, kuna kazi ya karibu. Kipimo cha IDEA, maswali ya kupima kumbukumbu na akili yaliyotengenezewa Waafrika wazee, hakidai kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, hukumbuka maneno 10, hupanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Vipimo vya damu vitafute VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno. Kama alianguka kutoka kwenye boda boda wiki chache zilizopita, skani ya CT (picha ya eksirei ya kompyuta) itaonyesha kama kuna damu iliyokusanyika juu ya ubongo, na hiyo huweza kuondolewa kwa upasuaji.

Nendeni pia na mfuko wa dawa zote anazomeza, hata za dukani. Amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu) na Piriton (dawa ya mzio na mafua) huweza kuvuruga kumbukumbu za wazee. Daktari azione kwanza.