Dakika ishirini za mvua Arusha

Mara nyingi naulizwa inakuwaje mvua ya masika inyeshe rasharasha usiku kucha na asubuhi barabara zipitike, halafu alasiri moja inyeshe dakika 20 tu na maduka yaingiwe na maji. Sisi tunaosanifu mitaro hujali zaidi kasi ya mvua kuliko jumla yake. Milimita 20 zikishuka taratibu kwa saa 10 ni milimita 2 kwa saa, na ardhi iliyo wazi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Zikishuka zote katika dakika 20, hiyo ni kasi ya milimita 60 kwa saa.

Tuchukue eneo la hekta 10 kwenye miteremko inayoshuka kutoka Mlima Meru. Kwa kuwa eneo ni dogo na mteremko ni mkali, maji yaliyoangukia ncha ya juu kabisa huweza kufika kwenye kalavati la chini ndani ya dakika 10 hivi, na tangu hapo eneo zima humwaga kwa pamoja. Mvua haihitaji kuendelea zaidi. Eneo hilo likiwa la migomba na kahawa, tunakadiria kwamba theluthi hivi ya mvua hiyo hutiririka, yaani takriban mita za ujazo 0.55 kwa sekunde. Likishajaa bati, lami na nyua za saruji, hutiririsha hadi sehemu tisa kati ya kumi, yaani 1.5. Kalavati la kipenyo cha sentimita 60, lililolazwa kwa mteremko wa asilimia 1, hupitisha kama 0.6. Lilitosha enzi za migomba.

Tena hapo nimechukulia kwamba kalavati ni safi, jambo ambalo kwa Arusha ni ukarimu mkubwa. Maji yanayoshuka kwa kasi hukokota mchanga wa volkano, na pale ardhi inapoanza kulala hupungua mwendo na kuutua, mara nyingi ndani ya kalavati lenyewe. Masika iliyopita niliinama kwenye kalavati moja la kipenyo hicho, kusini mwa jiji, nikachomeka fimbo ya kupimia: sentimita 30 za mchanga mweusi ulioshikana, na juu yake chupa za maji na kandambili moja ya mtoto. Wengi hudhani kalavati lililojaa nusu limebaki na nusu ya uwezo wake. Limebaki na theluthi moja na ushei tu, kwa sababu njia imepungua na maji yaliyobaki yanasuguana na kingo nyingi kulinganisha na wingi wake.

Ndiyo maana, nikiombwa kalavati kubwa zaidi, huuliza kwanza kama upande wake wa juu, maji yanakotokea, pana shimo la kunasa mchanga, na kama lipo, nani hulizoa kabla ya masika. Pale nilipopima, mchanga wa mwaka uliotangulia ulikuwa umezolewa kweli, ukarundikwa kwenye ukingo wa mtaro uleule.