Kabla hujajenga Kibaha, kapange masika moja

Wanandoa waliokuja dawatini kwetu Februari mwaka jana walikuwa na bahasha ya kaki, mtoto wa miaka mitatu aliyelala begani kwa baba yake, na swali moja tu: "Kaka, hiki kiwanja kipo?" Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa mauziano wa kurasa mbili, bado haujasainiwa. Mipaka ilielezwa hivi: kaskazini, mwembe mkubwa, kusini, shamba la jirani, mashariki, njia ya kwenda bondeni, magharibi, muuzaji mwenyewe. Ukubwa, ishirini kwa ishirini.

Mimi ni afisa mipangomiji katika halmashauri moja ya Mkoa wa Pwani, na mikataba ya miembe ninaiona kila wiki. Siku ile, hata hivyo, sikuanza na mwembe. Niliwauliza wanafanya kazi wapi. Mume Kariakoo, kwenye duka la vipuri. Mke Mikocheni, kaunta ya famasi. Na mtoto? "Mwakani anaanza awali." Nikawauliza nani atakuwa nyumbani gari la shule likimshusha saa tisa alasiri. Wakatazamana.

Watu wanatoka Dar es Salaam, hilo halina ubishi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 jiji liliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, yaani kama asilimia 23. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani ulitoka milioni 1.1 na kuvuka milioni 2, ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Si wote ni watu waliohama Sinza na Mbagala, kuna viwanda na kuna vizazi, lakini ukisimama Maili Moja, pale Kibaha, saa kumi na moja alfajiri utawaona wengi wao: mkoba wa chakula mkononi, simu inawaka, wanasubiri gari la kuwarudisha kulekule walikotoka. Sababu zao nazijua kwa sababu zilikuwa zangu pia. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Uwanja ambao mtoto akirusha mpira unaangukia kwenye ndoo ya jirani. Na lile swali la kwenye kila msiba na kila harusi: "Hivi wewe umejenga wapi?"

Sisemi watu wasihame. Ninachosema ni kwamba wengi hununua kiwanja kwanza, kisha ndiyo wanaanza kuishi na barabara. Ingefaa iwe kinyume chake.

Tuanze na barabara, maana hiyo utailipa kila siku mpaka ustaafu. Kibaha iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, na aliyeifahamu barabara ile zamani lazima akiri kwamba pumzi imepatikana. Lakini magari yote hayo yanashukia kwenye jiji lilelile. Kutoka nyumba iliyo ndani, mbali na lami, safari ina vipande vitatu au vinne: bodaboda hadi barabarani, daladala hadi Mbezi au Kimara, basi la mwendokasi hadi Kivukoni au Gerezani, halafu miguu. Kila kipande kina kusubiri kwake, na dalali akikuambia "dakika arobaini tu" anahesabu kipande kimoja, tena siku ya Jumapili.

Weka hesabu mezani. Tuseme mlango kwa mlango ni saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi. Hizo ni saa 5 kwa siku, 25 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi zinafika saa 1,200, na ukizigawa kwa 24 unapata siku 50 kamili, mchana na usiku. Siku hamsini za mwaka mzazi yuko ndani ya gari. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, kile kiusingizi cha mchana kikiwemo. Mama akifika saa tatu usiku, ama anamkuta mtoto kalala, ama mtoto amekeshwa ili amwone mama, kisha saa kumi na moja na nusu gari la shule linapiga honi getini. Nimeishi hivyo miezi saba. Mwanangu alikuwa akinipa mkono na kuniambia "shikamoo" kwa adabu zote, kama mgeni aliyekuja kutoka mkoani.

Reli mpya imewafanya watu wapige hesabu upya. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kituo cha Soga, ndani ya Wilaya ya Kibaha, kiko kilomita 51 kutoka Dar. Nauli ilitangazwa kuwa shilingi 4,000 kwa mtu mzima. Nenda na kurudi ni 8,000, kwa siku 22 za kazi ni 176,000 kwa mwezi, bado bodaboda za kila upande. Na wanandoa wote wawili wakiwa na kazi mjini, zidisha mara mbili. Kwa familia nyingi changa fedha hiyo ni kodi ya nyumba. Isitoshe, si kila treni inasimama Soga, kwa hiyo chukua ratiba uisome ukiwa na saa yako ya kuingia kazini. Bei za viwanja kule zilipanda tangu watu walipoona nguzo za umeme wa reli zikisimikwa. Dalali huuza treni hata kama wewe hutaipanda.

Maji ndiyo somo ambalo watu wa mjini hulielewa wakiwa wamechelewa. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na mabomba makubwa yanayoelekea Kibamba na Kimara yanapita huku kwetu. Lakini bomba kubwa kupita karibu na mtaa si bomba kuingia uani kwako. Kati yake kuna mtandao wa kusambaza, na mtandao hufuata watu, watu wakiwa wengi kiasi cha kutosha. Kabla ya hapo ni boza. Ukiuliza wenyeji usiseme "maji yapo?", kwa sababu kila mtu atajibu yapo. Uliza ndoo ni shilingi ngapi, na mwezi gani ilipanda. Waliokuwepo Oktoba na Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, watakupa jibu bila kufikiri. Kuchimba kisima ni njia nyingine, ila ukanda huu una sehemu ambazo maji yake ni ya chumvi, na fundi wa kuchimba hulipwa kwa mita, si kwa ladha.

Umeme hauna hadithi ndefu: hesabu umbali wa nguzo ya mwisho. Ukiwa ndani ya mita 30 gharama ni moja, ukihitaji nguzo ni nyingine kabisa, na wanaotangulia mtaani ndio huumia.

Sasa turudi kwenye bahasha ya kaki. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia. Sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zimetenganisha njia za kuipata. Ukivuka mitaa ya mji ukaingia vijijini, na mpaka huo hauna bango, anayesimamia ardhi ni halmashauri ya kijiji, na ugawaji huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake, hata akiwa na mhuri mkubwa namna gani, hauzi ardhi ya kijiji. Omba muhtasari wa kikao. Asilimia kumi ya bei anayodai "ya ofisi" iombee risiti ya serikali, uone inavyopungua hadi kuisha.

Mjini, njoo ofisi ya ardhi kabla ya kulipa, siyo baada. Kama kiwanja kimepimwa, kina namba na bikoni, yaani vijiwe vya mpaka kwenye kona zake, na msajili wa hati anaweza kufanya upekuzi wa nani anamiliki na kama kimewekwa rehani benki. Kama hakijapimwa, tunachukua majira ya nukta, yaani namba za kuonyesha kiwanja kilipo hasa, kwa kifaa, na kuyaweka juu ya mchoro wa mipangomiji, kama mchoro upo. Hapo ndipo mwembe wa watu unapogeuka kuwa eneo la shule, soko, au makaburi. Nimewahi kumwambia mzee mmoja kwamba sebule yake iko katikati ya barabara ya mita kumi na tano. Alicheka, akadhani natania.

Halafu kuna hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inataja mita 30 kila upande kutoka katikati, na watu wengi wameikariri namba hiyo. Lakini mwaka 2017 mamia ya nyumba kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Kwa hiyo usipime kwa hatua zako. Waulize wanaosimamia barabara hiyo kuhusu kipande hicho hasa.

Na jambo moja ambalo wanandoa wachanga huona haya kulizungumza mbele ya afisa: andikeni majina yote mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hiyo inakulinda, na inakubana pia: unaponunua, mtake mke wa muuzaji naye asaini, au mumewe kama muuzaji ni mama. Migogoro mingi inayofika mezani kwangu ilianza na mama aliyekuwa shambani siku mume wake alipouza kiwanja.

Kupimwa nako kusikulevye. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza jijini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima maeneo kama Buyuni na Bunju kwa utaratibu mzuri, lakini kuna sehemu ambazo viwanja vilikaa miaka mingi na majani kwa sababu maji, umeme na barabara havikufuata haraka. Wewe ukiwa wa kwanza kuhamia, na boma halijapauliwa vizuri, unakuwa mlinzi wa wenzako bila mshahara.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa yeyote mwenye mtoto mdogo ni mmoja, na madalali hawanipendi kwa ajili yake: panga nyumba kabla ya kujenga. Chukua vyumba viwili mtaa huohuo unaoutaka, hamia Machi, kaa mpaka Mei iishe. Utajua bodaboda wanapandisha kiasi gani mvua ikinyesha. Utajua zahanati iliyo karibu kama inatoa chanjo kila siku au kwa siku maalumu, maana mtoto mchanga ana wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18, na kadi ya kliniki haingoji bosi akupe ruhusa. Utajua mbu, na mbu wa Pwani si wa kufanyia mzaha. Utajua kama darasa la awali la shule ya msingi ya jirani lina watoto sitini au mia na sitini. Utajua pia kama mke anazungumza na mtu yeyote mchana kutwa, au amebaki na kuku na redio. Miezi mitatu ya kodi huku ni fedha ndogo ukilinganisha na msingi uliomwagwa mahali ambapo familia haiwezi kuishi.

Kuna wanaofanya nusu: mama na watoto wanahamia, baba anabaki na chumba mjini na kwenda "nyumbani" Ijumaa. Siwahukumu, ila wahesabu jikoni mbili. Wengine mmoja anatafuta uhamisho wa kazi kwanza, au anafungua duka kulekule. Kwa ninavyoona hao ndio wanaodumu, kwa sababu mtu mmoja yuko karibu mtoto akipata homa saa nne asubuhi.

Wale wanandoa waliondoka siku ile bila kufurahi. Walirudi Juni. Walikuwa wamepanga mtaa wa pili kutoka kiwanja chao, na mume alikuwa ameandika kwenye simu saa ya kutoka na saa ya kufika kwa wiki tisa. Siku mbaya kuliko zote safari ilichukua saa nne na dakika kumi, kwenda tu. Mke alikuwa ameomba kuhamishiwa tawi la Kibaha na amekubaliwa. Kisha akanionyesha picha aliyopiga Aprili kutoka kwenye ile njia ya kwenda bondeni: mwembe umesimama katikati ya maji, na watoto wawili wamepanda matawini na ndoana.

Walinunua kwingine, juu kidogo, kilichopimwa, kidogo kuliko walichotaka, na bikoni zake nne tulizitafuta pamoja kwenye majani. Kiwanja cha mwembe dalali bado anakitangaza. Tangazo lake nililiona wiki iliyopita: "Kona, tambarare, hakina mgogoro, maji yapo."