Blanketi lenye kiuno

Juzi nimeletewa tena ule mfuko. Mfumaji yeyote anaujua: umefungwa fundo gumu juu, na ndani mna madonge ya uzi yaliyoshikana hata hujui lipi linaanzia wapi. Mwenye mfuko, dada mmoja mpole anayetaka kufuma blanketi la masalio ya uzi kwa kulabu, ile sindano yenye ndoano, akaanza na swali lile lile la wote: "Mwalimu, rangi hizi zitapatana?" Mimi nikamuuliza, na huu wa kijani ni uzi wa nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa jiwe. "Uzi ni uzi, mwalimu. Si masalio tu? Unachanganya."

Neno hilo, "unachanganya", nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika, ili atakayekuja na mfuko mwingine nimwelekeze hapa nami niendelee na kazi yangu.

Rangi niimalize upesi, kwa sababu ndiyo inayowanyima watu usingizi na ndiyo isiyostahili. Zitapatana. Chagua rangi moja tulivu, nyeupe ya maziwa, kijivu au nyeusi, uirudie kila mahali: mzunguko wa mwisho wa kila mraba, au safu moja kila baada ya safu tano. Hiyo itazishika nyingine adabu. Nimeona zambarau na chungwa zikikaa pamoja kwa amani ndani ya fremu nyeusi. Basi, rangi imekwisha.

Sasa unene. Urefu wa mshono unatokana na unene wa uzi, na upana wake pia. Ukifuma safu ya mishono 150 kwa uzi mwembamba, kisha juu yake ukafuma mishono 150 ile ile kwa uzi mnene, safu ya pili inataka kuwa pana kuliko ya kwanza, lakini imeshonewa humo humo, haina pa kwenda. Inajikunja. Ndipo unapopata yale mawimbi ya pembeni ambayo watu huniambia eti "litanyooka likioshwa." Halinyooki! Blanketi langu la kwanza la masalio nililianza kwa sentimita 110 nikalimaliza kwa 127, na mishono haikuongezeka hata mmoja. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimelogwa. Ni uzi tu ulikuwa unanenepa kadiri nilivyoshuka chini ya kikapu, maana nilianza na madonge mazuri ya juu nikaacha manene kwa baadaye.

"Si ubadilishe kulabu?" Ndiyo, kidogo. Kulabu ndogo itaubana uzi mnene upana upungue, lakini kitambaa kitakuwa kigumu kama mkeka. Kulabu kubwa itaupanua uzi mwembamba, lakini vidole vya miguu vitatokea kwenye matundu usiku. Mimi natumia milimita 4 au 4.5 kwa uzi wa DK, yaani mwembamba kidogo kuliko wa kati, 5 hadi 5.5 kwa uzi wa unene wa kati, na ndani ya mipaka hiyo ndipo ninapocheza. Nje ya hapo kulabu haiokoi kitu.

Lebo za masalio zilikwisha potea zamani, kwa hiyo unapima mwenyewe. Chukua rula, uzungushie uzi juu yake kwa upana wa sentimita 2.5, mizunguko ikae bega kwa bega, usiikandamize wala usiiachie nafasi. Hesabu. Kwenye 12 hivi uko karibu na DK, kwenye 9 au 10 uko unene wa kati, ukifika 7 huo ni mnene. Nasema "karibu" kwa makusudi. Majedwali yenyewe yanapishana, na jedwali moja litaita DK kile ambacho lingine linakiita kitu kingine. Tena mkono wangu unavuta kuliko wa wanafunzi wangu wengi, kwa hiyo 12 yangu ni 11 yako. Usiniletee namba yako tuilinganishe na yangu. Namba hizo zina kazi moja, kulinganisha madonge yako wewe, kwa mkono wako, siku hiyo hiyo. Nasisitiza siku hiyo hiyo kwa sababu nikiwa na hasira mkono wangu hubana, na nimewahi kuupima uzi mmoja asubuhi na jioni nikapata majibu mawili.

Kwa kweli, mara nyingi rula inakaa tu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: kunja uzi mmoja upate kitanzi, pitisha wa pili ndani yake nao uukunje, kama ndoano mbili zilizoshikana. Sokota kila upande, kisha funga macho upitishe vidole kutoka uzi wa kwanza kwenda wa pili. Vidole vikipita pasipo kujua vimevuka mpaka, nyuzi hizo zinaweza kukaa blanketi moja. Vikikwama, au vikahisi vimeteremka ngazi, zitenge. Macho hudanganywa na rangi, kwani uzi mweusi huonekana mwembamba na mweupe huonekana umevimba. Vidole havina habari ya rangi.

Nyuzi nyembamba usizitupe. Shika mbili pamoja uzifume kama mmoja: nyuzi mbili za soksi huja karibu na DK. Hapo kwenye kushika mbili ndipo pia unapoweza kuchanganya rangi zinazogombana, ukapata kitu cha madoadoa kinachopendeza kuliko kila mmoja peke yake. Lakini nimeahidi rangi imekwisha.

Kama mfuko wako umechanganyika kabisa, acha safu ndefu, fuma miraba. Mraba wa mafungu ya mishono mitatumitatu, huu ambao kila mtu anaujua, umekuwa kazi ya masalio tangu zamani. Mchoro wake ulikwisha chapishwa katika jarida moja la Marekani mwaka 1885. Uzuri wake ni kwamba kila mraba unabeba dhambi zake mwenyewe. Mimi sihesabu mizunguko, nafuma hadi sentimita 12. Uzi mnene utafika kwa mizunguko minne, mwembamba kwa mitano au sita. Ukipungua nusu sentimita, mzunguko wa mwisho ufumwe kwa kulabu kubwa kidogo. Walimu wengine watakuambia huo ni ujanja usiofaa. Sawa, ila blanketi zangu zinalala bapa.

Baada ya unene, jambo la pili ni uzi umetengenezwa kwa nini, na hapa ndipo kilipotokea kiuno.

Nilimfumia mtu blanketi la safu, karibu lote akriliki, yaani uzi wa plastiki, na katikati nikaweka safu nane za kahawia kutoka donge ambalo sikuliuliza lolote. Unene ulikuwa sawasawa, vidole vyangu vilipita bila kukwama. Lilikuwa zuri. Baada ya miezi michache nikatumiwa picha: blanketi limetandikwa kitandani, pana juu, pana chini, katikati limebanwa kama gauni lililofungwa mkanda. Lilikuwa limeoshwa kwa mashine, maji ya moto. Ule wa kahawia ulikuwa sufu halisi. Unywele wa sufu una magamba madogomadogo. Ukiupa maji, joto na msukosuko, magamba hushikana, nyuzi hukaribiana, na haziachani tena. Akriliki haina magamba, ikabaki palepale ilipokuwa. Safu nane zilipungua, mia zilizobaki zikagoma. Mwenyewe alidhani ni mtindo. Mimi sikucheka siku hiyo.

Kwa hiyo kata kipande cha uzi sentimita kumi, ukishike kwa koleo la chuma juu ya sinki, ukiwashe. Sufu inaungua kwa kusita, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika mkononi. Pamba inawaka upesi kama karatasi na kunuka hivyo hivyo. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu, na usiiguse hiyo shanga mpaka ipoe, nina kovu kwenye dole gumba. Koleo si pambo.

Ila moto nao hausemi yote. Kuna sufu iliyotiwa dawa kiwandani isishikane; inanuka nywele vilevile lakini mashine haiidhuru. Na kuna uzi wa mchanganyiko, ambao unanuka nywele na kuacha shanga kwa pamoja, hapo ujue tu kwamba hujui. Kipimo cha mwisho ni kufuma kimraba, kukipima, kukiosha kama blanketi lenyewe litakavyooshwa na huyo atakayelitumia (si kama unavyotamani lioshwe), kukikausha na kukipima tena. Watu hawapendi kusikia hili. Wanataka kuanza leo.

Na niseme ukweli ambao unanidhoofishia hoja: ninalo blanketi moja la sufu, akriliki na pamba vyote pamoja, nililifuma kabla sijajua haya, na halijaharibika. Linaoshwa kwa mkono, maji baridi, linakaushwa limelazwa. Kwa hiyo siwezi kusema usichanganye kamwe. Nasema ukichanganya, unamfunga mwenye blanketi kwenye beseni maisha yake yote, na kama ni zawadi, huyo mtu hajakubali.

Kuhusu pamba, maneno machache tu: ni nzito, haivutiki, na ikilowa huburuta blanketi zima chini likianikwa kwenye kamba. Iweke pembeni kwa vitambaa vya meza. Na pasi usiipeleke karibu na akriliki. Joto huilegeza moja kwa moja na haitakurudia.

Mafundo. Kuna fundo la kuunganisha nyuzi mbili ambalo ukilikaza unakata mikia, yaani ncha za uzi zinazoning'inia, hapo hapo, na linapendwa sana kwa masalio kwa sababu hakuna kinachobaki cha kuficha. Nimelitumia. Mengi yameshika. Lililofumuka lilifumuka katikati ya blanketi, na ukarabati wake ulinila jioni mbili. Siku hizi naacha mkia wa sentimita 15, naupitisha kwa sindano kwenda, kurudi, kisha kwenda tena. Kufumia juu ya mkia wakati unaendelea ni haraka zaidi, nami huwa nafanya nikichoka, lakini sijaridhika nako, kwa sababu mkia wa uzi laini una tabia ya kuchungulia baada ya kuoshwa mara kadhaa.

Fanya hesabu kabla hujaniambia utaficha mikia mwishoni. Miraba 120, kila mmoja rangi nne, kila rangi mikia miwili: mikia 960. Ficha kila mraba ukiisha. Ninazo blanketi mbili kabatini ambazo ni za wanafunzi waliosema "mwishoni".

Tafuta pia mizani ya jikoni. Fuma mraba mmoja, upime. Wangu wa DK huja kama gramu 9. Miraba 120 ni zaidi ya kilo moja, bado hujaunga wala hujaweka ukingo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni kikubwa, na ule uzi wa fremu niliokuambia urudie kila mahali hautapatikana kwenye masalio. Utaununua, wote kwa siku moja, kutoka kundi moja la rangi, kwa sababu nyeupe ya mwezi huu si nyeupe ya mwezi ujao. Anayekuambia blanketi la masalio ni la bure hajawahi kulimaliza.

Mfuko wa yule dada tumeugawa mafungu matatu, kwa vidole kwanza, kisha kwa kiberiti. Ule wa kijani aliouita uzi tu umenuka nywele, halafu ukaacha shanga. Nimefuma kimraba, sentimita 12 kamili, nikakitia kwenye mashine pamoja na taulo. Sasa hivi kimeanikwa, bado kinadondosha maji, na rula iko tayari mezani.