Boganvilia mwanzoni mwa kiangazi: dhana potofu na ukweli

Vuli inapokatika na kaskazi kuanza kuvuma, kuta nyingi za Tanga, Mombasa na Unguja hufunikwa na boganvilia nyekundu, zambarau na za rangi ya machungwa, na msimu huohuo wapo wenye bustani wanaolalamika kwamba ya kwao imejaa majani matupu. Mara nyingi kinachoizuia ni wema uliopita kiasi.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba jua likishakuwa kali, ua lisipomwagiliwa kila siku halichanui. Kwa mawaridi hoja hiyo ina uzito, lakini boganvilia ikipata maji tele huendelea kurefusha matawi na kuongeza majani, na ni pale udongo unapokauka kiasi ndipo ukuaji huo hupungua na maua yakajitokeza. Nyumbani kwetu vilikuwapo vipandikizi viwili vya shina moja: kimoja kando ya bomba, kingine langoni, penye changarawe, ambako hakuna aliyekumbuka kupeleka ndoo. Cha bombani kilikuwa kichaka cha kijani mwaka mzima, ilhali cha langoni kilichanua hata majani yasionekane. Sisemi mmea uachwe ufe. Mche mchanga humwagiliwa mara kwa mara mpaka mizizi ishike, na uliomo chunguni hupewa maji majani yanapoanza kulegea, yakamwagwa hadi yatokee chini, kisha ukaachwa ukauke tena.

Samadi nayo hutiliwa imani kubwa mno. Naitrojeni, kirutubisho kilichomo ndani yake, ikizidi hunenepesha majani, na palipo na kivuli hata mbolea iliyopimwa vizuri haisaidii, kwa kuwa mmea huu hutaka jua la wazi kwa saa 6 au zaidi kwa siku.

Wengine huogopa kuupogoa wakidhani watapoteza maua. Ukweli ni kwamba maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo matawi hupunguzwa mkupuo mmoja wa maua ukishapita, si wakati yanapochanua.

Hata hayo tunayoyaita maua, kwa haki, si maua. Chuma ua moja ulitazame kwa karibu: utaona vijani vitatu vyembamba kama karatasi, vyenye mishipa ileile ya jani la kawaida, na katikati yake virija vitatu vyembamba vyenye ncha nyeupe. Virija hivyo ndivyo maua yenyewe. Ndiyo maana rangi hudumu kwa majuma hata baada ya maua kunyauka.

Mmea huu umezoeleka hivi kwamba wengi huuhesabu kuwa wa asili ya pwani yetu, ingawa kwao ni Amerika Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa baharia Mfaransa Bougainville, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka hadi leo. Msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume ili aweze kusafiri.

Imebaki imani kwamba boganvilia huvuta nyoka. Nyoka hufuata panya, vyura na mijusi, na kichaka chochote kilichoachwa kikalala chini, juu ya majani makavu, huwapa wote maficho. Pafagiliwe, na matawi ya chini yakatwe kwa mkasi, huku mikono ikiwa ndani ya glavu, maana miiba yake haina mzaha.