“Theluji si Yetu”: Dhana Potofu za Wasomaji wa Riwaya za Chumba Kilichofungwa

Nauza na kuazimisha vitabu vilivyokwishasomwa hapa Mkunazini, Unguja, na rafu inayochakaa upesi kuliko zote ni ya riwaya za upelelezi. Wateja wangu wanazipenda hasa zile za watu waliokwama mahali, theluji imeziba njia zote, maiti imo chumbani na mlango umefungwa kwa ndani. Kupenda wanapenda. Kinachonichosha ni maneno wanayonirudishia pamoja na kitabu. Juzi maalim mmoja wa skuli, mtu mwenye akili zake timamu, aliniwekea kitabu mezani akasema lile lile ninalolisikia kila mara: “Sheikh wangu, hizi hadithi za theluji si zetu. Tutazifumbua vipi na theluji yenyewe hatujaiona?”

Nikamuuliza swali moja tu: “Maalim, katika kitabu hiki theluji iliacha kuanguka saa ngapi?” Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya ngamia.

Dhana: Asiyeijua theluji hawezi kufumbua fumbo la theluji

Hapa nitakaa kitako, maana hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Theluji ndani ya riwaya hizi huna haja ya kuigusa wala kuisikia baridi yake. Mwandishi ameiweka kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga njia: polisi hawafiki, washukiwa hawatoki, na mpelelezi hana maabara wala wa kumtuma mjini. Amebaki na macho yake na maneno ya watu, na wewe msomaji una hivyo hivyo. Agatha Christie alilifanya hili mwaka 1934 katika Murder on the Orient Express, treni ikiwa imenasa kati ya Vinkovci na Brod, Yugoslavia ya wakati ule. Wala hakuwa ametunga jambo lisilowezekana. Mwaka 1929 treni halisi ya jina hilo ilikwama kwenye theluji siku kadhaa karibu na Çerkezköy, Uturuki. Kukwama mahali chombo kisipokwenda, watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa.

Kazi ya pili ndiyo inayorukwa: theluji hutunza nyayo, na pamoja na nyayo hutunza saa. Hapa ndipo ninapowashangaa watu wa Jambiani na Makunduchi wanaponiambia hawaelewi. Maji yakishakupwa, mchanga hubaki laini kama ulipigwa pasi. Ukishuka alfajiri ukaona nyayo za mtu mmoja zinakwenda kwenye dau lililokaa mchangani, na nyayo za kurudi hazipo, utauliza nini kwanza? Utauliza maji yameanza kutoka saa ngapi. Kabla ya hapo hakuna unyayo ungeweza kubaki; baada ya hapo hakuna ambaye angepita bila kuuacha. Na utauliza kama jana ilikuwa bamvua au maji mafu, ili ujue maji yalifika wapi. Basi ondoa maji, weka theluji. Swali ni lile lile: iliacha kuanguka saa ngapi?

Tofauti zipo, na ni chache za kushika kichwani. Maji hufuta yanapofika tu, lakini theluji hushuka kutoka juu, kwa hiyo hufunika na paa, na ukingo wa dirisha, na mgongo wa ukuta. Aliyetembea juu ya ukuta ili asikanyage ua ameacha alama ukutani. Unyayo wenye vumbi jembamba la theluji mpya ndani yake umewekwa kabla theluji haijaacha. Unyayo msafi umewekwa baadaye. Upepo mkali huisukuma theluji ikajaza shimo na kuacha kama hakupita mtu. Na theluji iliyoyeyuka kidogo mchana ikaganda tena usiku hutengeneza gamba gumu ambalo mtu mwepesi anaweza kulikanyaga asiache kitu. Hayo yakitosha kwako, umeshajua ya kutosha kushindana na mpelelezi.

Mambo haya mwandishi hakufichi. Anakwambia mapema, tena kwa sentensi moja, pale mtumishi anapolalamika kuhusu kuzoa theluji mlangoni au mgeni anapotazama dirishani akasema kumetulia. Nyinyi mnaruka. Mnasema “hapa anaelezea hali ya hewa tu,” mnafungua ukurasa wa pili kutafuta maiti. Nilimfungulia maalim kitabu chake, nikamwonyesha mstari: saa ilikuwamo, imeandikwa wazi, kabla hata mtu hajafa. Shauri langu, na sitachoka kulirudia: chukua kipande cha karatasi, chora ua, nyumba na njia, andika saa theluji ilipoacha, kisha mbele ya jina la kila mtu andika alikuwa wapi saa hiyo. Karatasi hiyo ndiyo alamisho lako. Anayesoma riwaya hizi bila karatasi anasoma ngano.

Ukishakuwa na saa, njia za kuelezea uwanja usio na nyayo si nyingi. Ama mauaji yalifanyika kabla theluji haijaacha. Ama aliyejidai kuikuta maiti ndiye aliyeua, na nyayo zake mnazitazama mchana kweupe. Ama muuaji hakusogea pale kabisa, aliua akiwa mbali. Ama nyayo zipo lakini zinasema uwongo: viatu vya mtu mwingine, kutembea kinyumenyume, kukanyaga juu ya nyayo za aliyetangulia. John Dickson Carr, Mmarekani ambaye naona hakuna aliyemfikia katika ufundi huu, aliuchezea uwanja huo mara kadhaa. Katika The White Priory Murders ya mwaka 1934, aliyoitoa kwa jina la Carter Dickson, mwanamke amekutwa amekufa katika jumba dogo lililozungukwa na theluji, na nyayo zilizopo ni za aliyekuja kumkuta. Mwaka uliofuata, katika The Hollow Man, mtu anapigwa risasi kwa karibu katikati ya mtaa usio na njia ya kutokea, watu wanasikia, na kwenye theluji hakuna nyayo ila zake mwenyewe. Jawabu sikupi hata ukinipa bei ya kitabu mara mbili. Ila nakuhakikishia kwamba halihitaji uwe umeishi Ulaya.

Dhana: “Umefungwa kwa ndani” maana yake ni moja

Si moja. Uliza umefungwa kwa kitu gani. Kitasa chenye ufunguo kinaweza kufungwa kutoka upande wowote, na funguo za nyumba kubwa za kule mara nyingi zinaingiliana au zina pacha wake jikoni kwa mtumishi. Komeo na mnyororo ni habari nyingine, vinataka mkono ulio ndani, au kitu kilichopenyezwa kufanya kazi ya mkono. Msomaji wa Mji Mkongwe hukosea hapa: kichwani amechora mlango wa mbao nzito wa mbawa mbili na dirisha lenye nondo. Nyumba zile nyingi madirisha yake ni ya vioo, hayana nondo. Kwa hiyo mwandishi akitaja kwamba dirisha nalo lilikuwa limefungwa, hajazi ukurasa, anakuzibia njia.

Na tazama mlango unapovunjwa. Nani alipendekeza uvunjwe? Nani aliingia wa kwanza? Nani alisema “ufunguo uko hapa chini”? Ufunguo uliookotwa sakafuni haukuapa kwamba ulikuwapo kabla watu hawajaingia.

Wengi wanadhani jawabu ni uzi, sindano na mitambo. Katika sura ya 17 ya The Hollow Man, Daktari Gideon Fell, mpelelezi wa Carr, anasimamisha hadithi nzima ili atoe mhadhara juu ya vyumba vilivyofungwa, huku akikiri wazi kwamba yeye na wenzake wamo ndani ya riwaya ya upelelezi. Anapanga namna saba za mtu kufa katika chumba ambacho hakuna aliyetoka. Mitambo ni namna moja tu kati ya hizo. Nyingine ni za saa na za macho: aliyedhaniwa amekufa alikuwa hai bado, aliyedhaniwa hai alikuwa amekwishakufa. Soma sura hiyo hata kama hutasoma kitabu kizima, ingawa nitakununia.

Dhana: Ikishindikana, ni jini

Kijana mmoja aliwahi kunitajia popobawa, na hakuwa anatania.

Riwaya hizi zinakutisha kwa jini ili uache kutafuta mtu. Ndio mtego wenyewe. Tangu Edgar Allan Poe alipotoa The Murders in the Rue Morgue mwaka 1841, jawabu kwa kawaida limekuwa la dunia hii hii. Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa naye akiandika riwaya za upelelezi, aliandika kanuni kumi mwaka 1929; mambo ya mashetani aliyaondoa kabisa, na njia ya siri aliruhusu isizidi moja. Kwa hiyo na wale wanaosema “lazima kuna mlango wa siri” wanyamaze nao. Mwandishi akiutumia mlango wa siri kama jawabu la chumba kilichofungwa, mrejeshee kitabu chake.

Tena sisi ndio wa mwisho wa kukosea hapa. Muhammed Said Abdulla, mtu wa hapa hapa, alitupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Maiti mzimuni, watu wanaogopa kusogea, na mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, anafuata binadamu, hafuati mzimu. Theluji haimo hata chembe, lakini hofu inayowazuia watu wasitazame imo yote. Asiyekisoma namwambia aanze na hicho, kisha ndiyo aende kwenye baridi.

Dhana: Kukwama pamoja na chumba kilichofungwa ni kitu kimoja

Hapana. Watu kumi kisiwani, dhoruba, wanakufa mmoja mmoja: hapo swali ni nani, kwa sababu orodha ya washukiwa imefungwa. Chumba kilichofungwa kinauliza vipi. Kitabu cha Christie cha mwaka 1939 kuhusu kisiwa cha pwani ya Devon ni cha aina ya kwanza. Ile treni ya 1934 inagusa zote mbili, maana mlango wa behewa la marehemu ulikuwa umefungwa kwa ndani na mnyororo umetiwa, dirisha wazi, na nje theluji haina nyayo. Mkija kuniomba “kama kile cha kisiwani”, niambieni mnataka nani au mnataka vipi, nisiwape kitabu sicho mkaja kunilaumu.

Dhana: Ni mchezo wa Waingereza

Gaston Leroux alitoa fumbo lake la chumba cha manjano mwaka 1907, kwa Kifaransa. Seishi Yokomizo, Mjapani aliyemhusudu Carr, alitoa The Honjin Murders mwaka 1946: usiku wa harusi, nyumba imefungwa, upanga umechomekwa kwenye theluji ya bustani, nyayo hakuna. Wajapani wanaziandika mpaka leo kwa bidii kuliko Waingereza wenyewe.

Dhana: Muuaji ni yule usiyemshuku

Huko si kufumbua, ni kubahatisha. Ukisema ni mpishi kwa sababu tu mpishi hakutajwa sana, na ikatokea ni mpishi kweli, bado hujui aliingiaje. Mimi simhesabii mtu ushindi mpaka aniambie njia.

Dhana: Ukishamjua muuaji, kitabu kimekwisha

Wanaoamini hivi wako wa aina mbili. Kuna wanaosoma ukurasa wa mwisho kwanza, hao wanajidhulumu wenyewe. Na kuna anayeandika jina la muuaji kwa kalamu ya wino ukurasa wa tatu, pembeni, na mshale. Tangu mwaka 1952 The Mousetrap, tamthilia ya watu waliozingirwa na theluji katika nyumba ya wageni, inaonyeshwa London, na kila onyesho likiisha watazamaji wanaombwa wasiitoe siri nje. Watu wasiojuana wanatunziana. Mkunazini tunashindwa.

Raha ya pili ya vitabu hivi iko kwenye kusoma mara ya pili, ukiwa unajua. Hapo ndipo unapomwona mwandishi akikuwekea ukweli mbele ya macho huku akikuvuta utazame kwingine: neno alilolichagua mtumishi, mlango uliosemwa “haufunguki” badala ya “umefungwa”, mgeni aliyeingia na viatu vikavu. Ndiyo maana nikiazimisha cha Carr kwa mara ya pili nachukua nusu ya bei. Mwenye kalamu ya wino nikimjua atalipa kitabu kizima, na cha pili atakisomea hapa hapa mezani, mikono mitupu.