Je, wajua kwa nini mtoto anayeanza kula vipande anafanya "oeek" kila tonge?

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi saba nilipompa kipande cha boga la kuchemsha akashika mwenyewe. Akakilamba, akakisukuma ndani, mara macho yakajaa machozi, ulimi ukatoka nje, akafanya "oeek" kubwa kama mtu anayetaka kutapika. Nikachomeka kidole mdomoni nikachokoa kile kipande, mama mkwe akampuliza utosini, na jioni ile ile boga likarudi kwenye blenda. Tukabaki na blenda mpaka mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Miaka yote hiyo niliamini nimemwokoa, kumbe pale hakuwa hatarini, na kitu cha hatari zaidi mezani kilikuwa kidole changu.

Hili kosa wanalo wengi na nadhani linaanzia kwenye neno. Mtoto akifanya chochote koo likihusika, sote tunasema "kapaliwa". Lakini Kiswahili kina maneno ya kutosha hapa, ni sisi tu tunayachanganya. Kuna kutaka kutapika, ile "oeek", ambapo chakula bado kiko mdomoni kwenye ulimi. Kuna kupaliwa, ambapo tone la maji au punje imegusa njia ya hewa na mtoto anakohoa kwa nguvu kuitoa. Halafu kuna kusakamwa, ambapo kitu kimekwama kikaziba njia ya hewa. La kwanza ni kinga, la pili ni kinga, la tatu ndilo janga. Na ukiyaita yote jina moja utayakimbilia yote kwa presha moja, ndicho kilichonikuta mimi.

Sasa kwa nini mtoto afanye oeek kwa boga laini ambalo hata halijafika kooni?

Fikiria nyumba yenye geti. Mlango wa ndani ndiyo njia ya hewa, na mlinzi ni ule mshtuko wa koo unaorudisha vitu nje. Kwa mtu mzima mlinzi huyu amekaa karibu kabisa na mlango, yaani nyuma ya ulimi, ndiyo maana ukipiga mswaki mbele husikii kitu ila ukipeleka mswaki nyuma sana unachefukwa. Kwa mtoto wa miezi sita mlinzi hajakaa mlangoni, kasimama huku nje barabarani, sehemu ya mbele zaidi ya ulimi. Yeyote anayekatiza anafukuzwa, awe mwizi, awe shangazi kaleta zawadi. Boga lenyewe lilikuwa bado mbali na mlango, ila mlinzi kashapiga filimbi na ulimi umeshaanza kulisukuma nje. Ndiyo maana unaona kipande kinatoka kizima, kina mate tu.

Miezi inavyokwenda huyu mlinzi anarudi nyuma taratibu, anaanza kuzoea wageni, na kufikia karibu mwaka mmoja yuko jirani na mlango. Mimi hili linanishangaza mpaka leo, kwamba mtoto anapewa ulinzi wa mbali kipindi kile kile ambacho hajui kutafuna, halafu ulinzi unasogea kadiri anavyojua. Wataalamu wengi wanaona kule kutia vidole na midoli mdomoni kunamzoesha mlinzi. Inaingia akilini, ila ushahidi wake wa moja kwa moja kwa vichanga ni mchache, kwa hiyo usianze kumwekea mtoto vijiko mdomoni kama mazoezi. Yeye mwenyewe anatia kila kitu mdomoni bila kuombwa.

Mlinzi akifanya kazi anapiga kelele. Oeek ina sauti, kikohozi kina sauti, kulia kuna sauti, na sauti kubwa kama hizo maana yake hewa inapita. Kusakamwa kwa kweli ni kimya, au karibu kimya. Chukua filimbi uizibe kwa kitambaa halafu upulize, utapuliza mpaka mashavu yaume na haitalia. Mtoto aliyesakamwa ndiyo hivyo, mdomo wazi, anahangaika, hakohoi, halii, au anatoa kamlio kembamba tu, midomo na kucha zinaanza kubadilika rangi. Mimi nilikuwa naogopa kelele, kumbe cha kuogopa ni ukimya, na ndiyo maana mtoto anayekula haachwi peke yake hata dakika ya kwenda kuchukua maji jikoni.

Na kidole je? Kipande kilichokuwa mbele ya ulimi kikitoka chenyewe, kidole chako kinaweza kukirudisha nyuma hadi mlangoni. Umempita mlinzi kwa nguvu.

Huko New Zealand walifuatilia watoto 206, matokeo yakatoka 2016. Kundi moja wazazi walielekezwa kumwachia mtoto ajilishe vipande tangu miezi 6, jingine likaendelea kama kawaida. Wanaojilisha walifanya oeek nyingi zaidi wakiwa na miezi 6, ila walipofika miezi 8 wakawa nazo chache kuliko wenzao, na kusakamwa hakukuonyesha tofauti. Ila tusivuke mipaka hapa: wazazi wale walifundishwa vyakula gani ni hatari, na watoto 206 ni wachache mno kupima ajali za nadra. Na kwa makundi yote, kwa maelezo ya wazazi, 35% walisakamwa angalau mara moja kati ya miezi 6 na 8. Kwa hiyo hatari ipo, siyo ya kupuuzwa, ila haipo pale tulipokuwa tunaiangalia.

Hatari ipo kwenye aina ya kitu. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, baada ya hapo ndiyo chakula cha nyongeza, na hapo awe anakaa na shingo imekaza. Kipande kiwe kirefu kama kidole chako, kwa sababu mtoto wa umri huo anashika kwa kiganja kizima na anakula kile kinachochomoza juu ya ngumi. Kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, kikipondeka kinafaa: boga, kiazi kitamu, parachichi, ndizi mbivu. Meno usiyasubiri, fizi zinaponda hivyo vyote. Vya kukaa navyo mbali ni karanga, bisi, zabibu nzima, karoti mbichi, soseji iliyokatwa duara, pipi, samaki ambaye hujampapasa miiba, na mabuyu jamani, ile mbegu ngumu yenye utelezi ni saizi ya kuziba koo kabisa.

Akisakamwa kweli na hajafika mwaka, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mapigo 5 ya nguvu kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, bado haijatoka mgeuze ubonyeze katikati ya kifua mara 5, rudia, na mtu mwingine aite msaada. Tumbo usilibonyeze. Kidole usiingize kama hukioni hicho kitu. Akizimia anahitaji kufufuliwa, na hiyo mwombe nesi wa kliniki akuonyeshe kwa mikono kabla hujamwanzishia vipande, maandishi hayatoshi.

Mwanangu wa pili nilimpa boga lile lile, miezi sita na wiki mbili. Oeek. Mama mkwe akainuka, nikamwambia, "Mama, subiri, anatoa sauti." Nikakaa nimeikalia mikono yangu, moyo unanienda mbio, namwangalia midomo. Kipande kikatoka kikaanguka kwenye trei. Akakiangalia, akakiokota, akakirudisha mdomoni.