Mistari Tu? Haya, Tuanze na Hiyo Mistari

Kuna mteja mwingine tena kaja hapa Tabora mjini kuchukua tisheti zake za harusi, kaiona printi niliyobandika ukutani, kacheka: "Fundi, si mistari tu hii? Hata mwanangu wa chekechea anachora." Nimechoka kujibu kwa mdomo, naandika.

Kwanza, wasanii wenzangu acheni kujitetea eti kunyoosha mistari yote hiyo ni kazi ngumu. Ugumu siyo hoja! Sol LeWitt, msanii wa Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anatoa maelekezo, watu wengine wanamchorea ukutani, na kazi bado ni yake. Rula kila mtu anayo.

Chukua aina nne tu alizozipenda yeye: wima, mlalo, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto. Kila aina peke yake, halafu uzipandishe mbili mbili, tatu tatu, mpaka zote nne, unapata viboksi 15, cha 16 hakipo. Sasa weka pua karibu. Wino mweusi, karatasi nyeupe, basi. Rudi nyuma hatua tano hivi uangalie tena: chenye aina moja kimekuwa kijivu chepesi, chenye mbili kimekolea, chenye zote nne kimetanda kama wingu la masika. Kijivu kimetoka wapi wakati kwenye skrini, ile fremu ya kitambaa cha kuchapia, nimepitisha skwiji, raba ya kusukumia wino, na wino mweusi mmoja tu? Ni nyeupe imepungua, na ndo maana kila siku napiga kelele, angalia nafasi, mstari achana nao! Pale mistari inapokatana wino ukivuja kidogo tu kona zinaziba, kijivu kinageuka doa, na hapo naitupa karatasi hata kama mteja haoni tofauti.

"Inamaanisha nini?" Hakuna kilichofichwa, tuendelee.

Kinachonisumbua mimi ni zile picha nyeusi na nyeupe za Bridget Riley, yule mama mchoraji wa Uingereza, za miaka ya 1960. Ukizikazia macho mstari uliotulia unaanza kutembea, kichwa kinazunguka, na kwa kweli sijui kama pale nimeguswa au macho yamechoka tu. Na zipo printi za mistari hata mimi naziangalia wee, sioni kitu, napita zangu.

Ukinunua, usiitundike yenye kioo ikitazamana na dirisha, utaishia kuangalia bodaboda zinavyopita.